Mwongozo kamili wa kubadili vizio vya kani: nyutoni, kilogramu-kani, paundi-kani na wenzao

Chukua mkononi kulabu ya chuma yenye mlango wa springi, aina wanayofungia kamba wapanda milima na mafundi wa minara. Ubavuni mwake utakuta alama ndogo iliyochongwa: 22 kN, yaani kilonyutoni 22. Nimeulizwa zaidi ya mara moja, na watu makini kabisa, kama maana yake ni kilo 22. Sivyo. Kulabu hiyo imetengenezwa istahimili kani sawa na uzito wa kitu cha zaidi ya kilo 2,200. Aliyeisoma kuwa kilo 22 ataweka kando kulabu nzima, na hasara yake inaishia hapo. Anayekosea upande wa pili, akaamini kifaa kinabeba kuliko kinavyoweza, ndiye anayenitia wasiwasi, na ndiye niliyemkusudia ninapoandika mwongozo huu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ni kuzidisha na kugawanya tu. Kinachowaangusha watu ni kuanza kuhesabu kabla ya kujua namba waliyoishika ni ya kitu gani.

Kwanza: je, hiyo ni kani au ni tungamo?

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Kani ni msukumo au mvuto unaokifanya kitu kianze kwenda, kisimame, kipinde au kikandamizwe. Mfuko wa kilo 50 una tungamo la kilo 50 popote utakapoupeleka. Lakini kani inayouvuta chini hapa duniani ni kama nyutoni 490 (nyutoni ni kizio cha kani), na mwezini ingekuwa kama nyutoni 81 tu, kwa sababu uvutano wa mwezi ni mdogo. Mfuko ni uleule. Kani ndiyo iliyobadilika.

Lugha yetu ya kila siku inachanganya mambo haya mawili. Tunaposema “uzito wake ni kilo 50” tunataja tungamo kwa jina la kani, maana uzito, kwa maana ya kifizikia, ni kani. Hakuna ubaya kwenye mazungumzo. Ubaya unakuja pale mtu anapotaka “kubadili kilo kuwa nyutoni” kana kwamba anabadili mita kuwa futi. Kilo haibadiliki kuwa nyutoni. Unachoweza kufanya ni kuuliza: kitu chenye tungamo hili kinavutwa kwa kani gani mahali hapa? Hapo unazidisha tungamo kwa mchapuko wa uvutano wa mahali hapo, yaani kiasi ambacho mwendo wa kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde, na jibu lako ni nyutoni.

Dalili za kukusaidia: ukiona kg, g, lb au tani kwenye mizani, kwenye mfuko au kwenye kibandiko cha mzigo, karibu kila mara ni tungamo. Ukiona N, kN, kgf au kp (kilogramu-kani), lbf (paundi-kani) au dyn (dine), ni kani. Ukiona “kg” kwenye jeki, winchi, kamba au mashine ya kukandamiza, yaani kwenye kifaa kinachovuta au kusukuma, kwa kawaida mtengenezaji amefupisha kgf. Na ukiona “lb” kwenye kifaa cha namna hiyo, chukulia ni lbf isipokuwa kijitabu chake kiseme vingine.

Vizio vyenyewe, na vilikotoka

Nyutoni (N) ndiyo kizio rasmi cha kani duniani. Nyutoni 1 ni kani inayolifanya tungamo la kilo 1 liongeze mwendo kwa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Jina hilo lilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani mwaka 1948, kwa heshima ya Isaac Newton. Ukitaka kuihisi, weka kiganjani kitu cha gramu 102. Mgandamizo unaousikia ni nyutoni moja, kasoro au zaidi ya punje. Kilonyutoni (kN) ni nyutoni 1,000, na meganyutoni (MN) ni milioni moja.

Kilogramu-kani (kgf) ni kani ambayo uvutano wa kawaida wa dunia huiweka juu ya tungamo la kilo 1. Wajerumani waliiita kilopondi, ndiyo maana vifaa vingine vya zamani vina alama ya kp. Ni kitu kilekile. Neno la kuangalia hapa ni “uvutano wa kawaida”. Dunia haivuti sawasawa kila mahali: usawa wa bahari kwenye ikweta mchapuko ni kama mita 9.780 kwa sekunde, kila sekunde, na kwenye ncha za dunia ni kama 9.832. Kwa hiyo mwaka 1901 mkutano huohuo wa vipimo ulikubaliana juu ya namba moja ya kutumiwa na wote: 9.80665. Hiyo ni namba ya makubaliano, na haibadiliki ukipanda mlima.

Jambo hili linawachanganya hata waliosoma, kwa hiyo nilikazie. Unapobadili kizio kimoja cha kani kuwa kingine, tumia 9.80665 popote ulipo, hata kama uko kwenye ikweta. Mchapuko wa mahali unauhitaji pale tu unapotoka kwenye tungamo kwenda kwenye kani halisi. Jiwe la kilo 100 likining'inizwa kwenye ikweta linavuta kamba kwa nyutoni 978.0, ambazo ni kgf 99.73. Likining'inizwa kwenye ncha ya dunia linavuta kwa nyutoni 983.2, ambazo ni kgf 100.26. Tofauti ni nusu asilimia. Mwashi hataijali, anayesawazisha mizani ya maabara lazima aijali.

Paundi-kani (lbf) imejengwa vilevile, ila juu ya paundi. Paundi ya kimataifa ni kilo 0.45359237 kamili, kwa makubaliano ya mwaka 1959 kati ya nchi zinazotumia paundi. Zidisha kwa 9.80665, unapata nyutoni 4.4482216152605. Namba hiyo ndefu ni kamili, si kadirio.

Dine (dyn) ni ndogo mno: laki moja zinaunda nyutoni moja. Ilitoka kwenye mfumo wa sentimita, gramu na sekunde, na leo utaikuta zaidi kwenye vitabu vya zamani na kwenye vipimo vya mkazo wa uso wa vimiminika. Paundeli (pdl), kani inayolifanya tungamo la paundi 1 liongeze mwendo kwa futi 1 kwa sekunde kila sekunde, hutaiona mara nyingi. Kipu (kip) ni paundi-kani 1,000, na wahandisi wa majengo wa Marekani wanaitumia kila siku.

Vizidishi vya kwenda kwenye nyutoni

Nakili hivi mahali utakapoviona:

- 1 dyn = 0.00001 N
- 1 gramu-kani = 0.00980665 N
- 1 pdl = 0.138255 N
- 1 lbf = 4.44822 N
- 1 kgf (au kp) = 9.80665 N
- 1 kN = 1,000 N
- 1 kip = 4,448.22 N
- 1 tani-kani fupi (paundi 2,000) = 8,896.44 N
- 1 tani-kani ya metriki (kilo 1,000) = 9,806.65 N
- 1 tani-kani ndefu (paundi 2,240) = 9,964.02 N

Tazama hizo tani tatu. Neno “tani” peke yake halitoshi. Tani fupi ni ya Marekani, tani ndefu ni ya Uingereza ya zamani, na kati yake kuna tofauti ya asilimia 12. Winchi ya “tani 5” inaweza kuwa ya kN 44.5, 49.0 au 49.8. Ukishindwa kujua ni tani ipi, na kifaa ni cha kubeba mzigo, ichukue kuwa ile ndogo.

Hatua za kubadili

Njia ninayoitetea ni moja: pitia kwenye nyutoni kila mara. Wapo wanaokariri vizidishi vya kutoka kila kizio kwenda kila kizio. Kwa vizio kumi hayo ni mambo tisini ya kukumbuka. Ukipitia nyutoni unahitaji kumi tu, na kosa likitokea unaliona limetokea upande gani.

Hatua ya 1. Andika namba pamoja na kizio chake. Usiandike 1,800, andika 1,800 lbf. Hili linaonekana dogo hadi uikumbuke safari ya chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter. Kilirushwa Desemba 1998, na tarehe 23 Septemba 1999 kikapotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ya kompyuta iliyokuwa duniani ilitoa hesabu za msukumo wa injini ndogo kwa paundi-kani sekunde. Programu iliyozipokea ikazichukulia kuwa ni nyutoni sekunde. Kila namba ikawa ndogo kuliko ukweli kwa mara 4.45, ambacho ndicho kile kizidishi cha lbf ulichokinakili hapo juu. Kosa lilijikusanya kidogo kidogo njiani kwa miezi. Chombo kilichopangiwa kupita kama kilomita 226 juu ya uso wa sayari kikapita kwenye kama kilomita 57, ndani ya angahewa.

Hatua ya 2. Zidisha kwa kizidishi cha kizio ulichonacho. Sasa una nyutoni.

Hatua ya 3. Gawanya kwa kizidishi cha kizio unachokitaka.

Hatua ya 4. Kagua kwa kichwa kama jibu lina akili. Nitarudi hapa.

Hatua ya 5. Kata tarakimu mwishoni, si katikati ya hesabu.

Tuifanye kwa mkono. Mashine imeandikwa inavuta 1,800 lbf, nawe unataka kujua ni kilogramu-kani ngapi.

1,800 × 4.44822 = 8,006.8 N
8,006.8 ÷ 9.80665 = 816.5 kgf

Na kama ungetaka kilonyutoni, usingehitaji kuanza upya: 8,006.8 N ni 8.01 kN. Hiyo ndiyo faida ya kupitia katikati.

Turudi kwenye kulabu yetu ya 22 kN. Ni nyutoni 22,000. Gawanya kwa 9.80665, unapata 2,243 kgf. Gawanya kwa 4.44822, unapata 4,946 lbf. Kumbuka kwamba hiyo ni kani ya kuivunja, na kazi ya kila siku lazima iwe chini yake kwa mbali. Tena mtu anayeanguka akakamatwa na kamba hutoa kani kubwa mara kadhaa kuliko uzito wake akiwa ametulia. Kubadili kizio kunakuambia namba ileile kwa lugha nyingine. Hakukuambii kama kifaa kinatosha.

Ukaguzi wa kichwani

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, maana kikokotoo hakijui kwamba umebonyeza kuzidisha badala ya kugawanya. Wewe ndiye unayepaswa kujua.

Swali la kwanza: namba ilipaswa kuongezeka au kupungua? Nyutoni ni kizio kidogo kuliko kgf na lbf. Kizio kidogo huhitaji namba kubwa. Kwa hiyo ukitoka kgf kwenda N namba lazima ikue; ukitoka N kwenda lbf lazima ipungue. Ikienda kinyume, futa uanze tena.

Kisha tumia njia hizi za mkato:

Kutoka kgf kwenda N, zidisha kwa 10 halafu punguza asilimia 2. Kgf 250 ni 2,500, toa 50, unabaki na 2,450. Jibu kamili ni 2,451.7.

Kutoka N kwenda kgf, gawanya kwa 10 halafu ongeza asilimia 2. Kutoka kN kwenda kgf ni hivyohivyo, ila unazidisha kwa 100 kwanza: kN 22 ni 2,200, ongeza 44, ni 2,244.

Kutoka N kwenda lbf, chukua robo kisha punguza sehemu ya kumi ya hiyo robo. Nyutoni 800: robo ni 200, toa 20, ni 180. Jibu kamili ni 179.8. Naipenda sana hii, kwa sababu kosa lake halifiki hata sehemu moja ya mia.

Kutoka lbf kwenda N, zidisha kwa nne na nusu. Inazidi kidogo, kama asilimia moja, lakini kwa ukaguzi inatosha.

Kutoka kgf kwenda lbf, zidisha mara mbili, kisha ongeza sehemu ya kumi ya jibu. Kurudi nyuma, gawa nusu kisha punguza sehemu ya kumi.

Vipi kuhusu kutumia 10 badala ya 9.80665 moja kwa moja? Inakupa jibu lililozidi kwa karibu asilimia 2. Kwa kukadiria mzigo ni sawa, na inakuelekeza upande wa usalama. Kwa kukadiria uwezo wa kamba ulioandikwa kwa kgf ni hatari ndogo, kwa sababu unajiongezea nguvu ambayo haipo. Ukitumia 9.81 kosa ni kama sehemu tatu tu za elfu kumi, na sijawahi kukutana na kazi ya karakana inayodai zaidi ya hapo.

Kani inapofungamana na kitu kingine

Mara nyingi kani haiji peke yake. Inakuja na urefu kwenye torki (nguvu ya kuzungusha), au na eneo kwenye kanieneo (kani iliyogawanywa kwa eneo). Kanuni haibadiliki, ila sasa una vizio viwili vya kubadili, na watu wengi hubadili kimoja wakasahau cha pili.

Torki ndiyo nyepesi. Kijitabu kinakuagiza ukaze nati kwa 12 kgf·m, na spana yako ya kupimia ina N·m. Mita imebaki mita, kwa hiyo unabadili kani peke yake: 12 × 9.80665 = 117.7 N·m. Spana ikiwa ya paundi na futi, lazima ubadili vyote viwili. Futi ni mita 0.3048, hivyo 1 lbf·ft ni 4.44822 × 0.3048 = 1.3558 N·m. Gawanya 117.7 kwa 1.3558, unapata 86.8 lbf·ft.

Kanieneo ina mtego zaidi kwa sababu eneo lina kipeo cha pili. Inchi ni mita 0.0254, lakini inchi ya mraba ni 0.0254 × 0.0254, yaani mita za mraba 0.00064516. Sasa paundi-kani moja kwa inchi ya mraba, ile psi ya kwenye geji za tairi, ni 4.44822 ÷ 0.00064516 = paskali 6,895 (paskali ni nyutoni kwa mita ya mraba). Aliyesahau kuzidisha 0.0254 mara mbili atapata 175, na namba hiyo imekaa vizuri tu kwenye karatasi, haimpi dalili yoyote kwamba amekosea mara 39.

Geji nyingi za zamani zina kgf/cm². Moja ya hizo ni baa 0.980665 (baa ni paskali 100,000), ndiyo maana mafundi huziona kama kitu kimoja. Kwa tairi, 2.3 kgf/cm² ni baa 2.26 au psi 32.7, na hakuna atakayeumia kwa tofauti hiyo ndogo. Kwenye mfumo wa majimaji wa kgf/cm² 300, tofauti imeshakuwa karibu baa 6.

Kwa wanaosoma vitabu vya zamani vya kemia: dine kwa sentimita ni sawa kabisa na milinyutoni kwa mita. Mkazo wa uso wa maji kwenye nyuzi 25 ni 72 kwa kizio chochote kati ya hivyo viwili. Laki ya dine kwa nyutoni imegawanywa kwa sentimita mia za mita, inabaki elfu, ambayo ndiyo “mili”, na huna cha kubadili isipokuwa jina.

Ukitumia lahajedwali

Kwa orodha ndefu, weka kizidishi kwenye seli yake peke yake, ukiandike jina pembeni, halafu kila mstari uzidishe kwa seli hiyo. Usikiandike ndani ya kila fomula, maana siku utakapogundua umekosea tarakimu moja utalazimika kukitafuta mistari yote. Excel ina fomula ya CONVERT inayofahamu N, dyn na lbf: =CONVERT(1800,"lbf","N") inaleta 8,006.8. Zingatia herufi kubwa na ndogo, inazitofautisha. Na ukijaribu kuibadilisha lbm, ambayo ni paundi ya tungamo, kuwa N, inakurudishia #N/A. Iache ikukatalie. Imegundua kwamba unataka kugeuza tungamo kuwa kani.

Kukata tarakimu

Kikokotoo kitakupa 8006.79890746889. Usiinakili hivyo. Kama kibandiko cha mashine kilisema 1,800 lbf, aliyekiandika hakupima hadi sehemu ya bilioni. Tarakimu tatu au nne zinatosha, yaani 8,010 N au 8.01 kN.

Ila kwa vifaa vya kubeba, angalia unakata kuelekea wapi. Uwezo wa kifaa ukate kushuka: 8.007 kN iandike 8.0. Mzigo utakaokibebesha ukate kupanda: 7.62 kN iandike 7.7. Andika vyote viwili kwa kizio kimoja, kwenye karatasi moja, mmoja juu ya mwingine, kabla mzigo haujanyanyuka.